Folda ya Wote

2 Agosti

...na ndiyo maana nasema, mume wangu, pazia la kijani ndilo litakaloshinda, hata kama jana kwenye simu ulisema rangi zote ni sawa. Rangi zote si sawa! Mwanamume anayesema rangi zote ni sawa ni mwanamume anayelala akiwa amefumbua macho. Nimekata kitambaa, nimekikata vibaya, nimekishona kiraka, na kiraka chenyewe kimekaa vizuri kuliko pazia.

Mume wangu. Naliandika tena kwa sababu napenda linavyokaa kwenye karatasi. Mume wangu. Nikilisema kwa sauti hapa koridoni wapangaji wanacheka, wanasema huyu bibi harusi ataisha lini. Nawaambia sitaisha.

Unakumbuka tulivyokubaliana kituoni, basi likiwa limeshawasha injini? Simu ni za habari, barua ni za mapenzi. Basi habari utazipata kwenye simu, huku nakupa mapenzi tu. Mama (mama yako, ambaye sasa ni wangu na simrudishi) ananiambia, "Unamwandikia nini mtu uliyeongea naye jana?" Nikamwambia, "Mama, jana ilikuwa jana." Akasema mwanawe ameoa redio. Tukacheka mpaka chai ikamwagika.

Lakini nikueleze juu ya zawadi yako. Wenzangu waliolewa wakapewa bangili. Mimi nimepewa chumba mawinguni! Kila mgeni anayeingia hapa namfungulia ukurasa wetu wa harusi kwenye simu, picha zinazunguka zenyewe kama ulivyozifanya, na kila mara zikifika ile ambayo mama amesinzia na mdomo wazi wakati wa hotuba, watu wanaanguka. Na sasa zimeongezeka. Yule mpiga picha wetu, Tabasamu, ambaye siku nzima ya harusi hakuwa na neno jingine kinywani, ana picha nyingi ambazo hakuwa ametupa. Nikaenda dukani kwake, nikamwingizia lile neno letu la siri kwenye kompyuta yake ya pale mbele, ili awe anaziweka mwenyewe bila kunisubiri. Usinune! Nilifunika kwa kiganja wakati naandika, kama ulivyonifundisha. Alicheka aliposikia neno lenyewe limetungwa kwa majina yetu ya utani. Nani angecheka vibaya kwa neno tamu kama lile?

Njoo haraka. Dirisha lina pazia sasa, limebaki upindo.

Mkeo anayekuimbia,
Chiriku

*

6 Agosti

Mke wangu,

Barua yako imefika. Nimeisoma mara moja nikaichana.

Simu yangu imeanguka kwenye maji, usinipigie. Usipige na ofisini. Usiufungue tena ukurasa wa picha wala usiutaje kwa mtu yeyote. Zaidi ya Tabasamu ni nani mwingine alipewa neno la siri? Hapana, usinijibu hilo kwa maandishi. Nimekosea kuuliza. Usijibu.

Kama kuna mtu atakuja nyumbani kuuliza chochote, wewe hujui kompyuta.

Pazia la kijani ni zuri.

Mkimya

*

9 Agosti

Mkimya,

Sijui nianze na "mpenzi" au nianze na kilio, kwa hiyo nimeanza na jina lako.

Umeichana. Barua yangu ya kwanza nikiwa mkeo, umeichana, tena umeona ni vyema kunijulisha. Nimeilalia barua yako chini ya mto, na asubuhi nimeamka shingo imekauka kama vile nimelalia jiwe. Mistari michache! Hata mwenye nyumba akitukumbusha kodi anaandika zaidi.

Nimekaa nikafikiri, nikajua ni nini. Ni wivu. Umesoma kwamba nilikwenda dukani kwa mwanamume, nikaingiza neno letu la mapenzi kwenye kompyuta yake, akacheka. Ndiyo? Mume wangu, Tabasamu ana kitambi na watoto wanne na anapenda karanga kuliko binadamu. Ukitaka nikuapie nitakuapia. Mwanzoni, nikwambie ukweli, nilifurahi kidogo. Nilijitazama kwenye kioo nikasema, kumbe mtu wangu ana wivu. Lakini usiku furaha iliisha. Mwenye wivu hugomba. Wewe hukugomba. Wewe umeandika kama mtu anayefunga duka.

Halafu simu. Nilimwambia mama simu imeanguka kwenye maji. Akaacha kuchambua mchele akanitazama. "Ya mwanangu? Yule aliyeifunga kamba shingoni hata siku ya harusi?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Haya," akaendelea na mchele. Lakini alikuwa akizitupa punje nzuri na kubakiza mawe, nikamwona.

Nimefanya kosa gani? Kama nimekosa kwa kupenda kwa kelele, ulijua tangu mwanzo. Ni wewe uliyenipa jina la Chiriku. Na mimi ndiye niliyekuita Mkimya, nikawaambia rafiki zangu kimya kingi kina mshindo, nikijivuna. Sasa mshindo wenyewe nausikia, naogopa.

Niandikie. Hata ukiandika matusi, niandikie marefu.

Mkeo bado,
Chiriku

*

13 Agosti

Mpenzi wangu,

Nisamehe. Si wivu. Ingekuwa wivu ningekuwa mtu mwenye raha leo.

Kazini kumeharibika. Nitakueleza taratibu, maana wewe huachi kuuliza mpaka uelewe, na ni bora uelewe kwangu.

Watu wanasema data ziko mawinguni. Hilo wingu mimi huwa naingia nikiwa nimevaa sweta. Ni ukumbi wenye baridi na makabati ya chuma yanayovuma mchana na usiku. Kila mashine ndani ya kabati imepangishwa kwa wateja wengi, kama nyumba yetu hapo. Kila mpangaji ana chumba chake na kufuli yake. Hawezi kuona cha mwenzake. Lakini iko folda moja ambayo ni ya wote. Kila programu inahitaji mahali pa kuweka vitu vya muda, vya kutumika na kutupwa, na folda hiyo ndiyo mahali pake. Ifikirie kama ile meza ndefu ya koridoni kwetu. Yeyote anaweka kitu. Ukishaweka chako jirani hawezi kukiondoa, lakini naye anaweka chake pembeni.

Sasa mfikirie mwangalizi wa nyumba, yule mwenye kishada cha funguo za vyumba vyote. Tuseme kila usiku anapita mezani, anatafuta karatasi yenye kichwa "Kazi za Usiku", anafanya kilichoandikwa. Haulizi imeandikwa na nani. Ndivyo mashine zetu zilivyowekwa. Iko programu ya usafi inayofanya kazi kwa mamlaka ya mkuu wa mashine, mwenye funguo zote, na maagizo yake ilikuwa inayachukua kutoka folda ya wote, kwenye faili lenye jina lile lile kila siku. Faili likishakuwepo ni salama. Lakini umeme ukikatika na mashine ikawashwa upya, meza huwa tupu. Hapo anayewahi ndiye anayeandika.

Mwanzoni mwa mwezi umeme ulikatika. Mtu akawahi. Mashine ikamtii yeye kwa sauti ya mkuu.

Kwenye mashine hiyo kuna hospitali ya figo. Nani asafishwe damu lini, kwa mashine gani, kwa dawa kiasi gani, yote yalikuwa humo. Yamefungwa kwa kufuli ambayo si yetu, pamoja na nakala za akiba, maana mtu wa ajabu alizihifadhi kwenye mashine ile ile. Hospitali iko mtaa wa pili. Nilipita pale siku za mwanzo. Wagonjwa wamekaa kwenye mabenchi nje, miguu imevimba, muuguzi anaandika kwa mkono akiuliza kila mmoja, "Wewe huwa unapewa nini?" Mmoja alikuwa hajui. Alikuwa mtu mzima na alilia.

Kamati ya kampuni inatuhoji sote. Ni kawaida. Ndiyo maana simu zimechukuliwa. Sikutaka kukutia hofu.

Nakuomba jambo moja tu. Wewe hukuwahi kuwa na ukurasa. Picha ziko kwenye albamu. Waambie hivyo hata wapangaji.

Shona upindo.

Mumeo,
Mkimya

*

15 Agosti

Mume wangu,

Nimesoma mara nyingi mpaka karatasi imelainika kama kitambaa. Meza ya koridoni nimeielewa. Leo asubuhi nilipita pale nikaona sahani yetu imekaa juu yake, nikaichukua upesi kama mwizi.

Lakini umeandika "sote". Umeandika "ni kawaida".

Nimepiga ofisini. Najua ulinikataza. Nilikaa na simu mkononi tangu alfajiri, nikijiambia sipigi, na vidole vikapiga. Akapokea mama mmoja mwenye sauti nzuri ya mapokezi. Nikasema naomba kuongea na fundi wa mashine, nikamtajia ulivyo, mrefu, mkimya, ana sweta la kahawia. Akasema, "Yule aliyesimamishwa?"

Alisema hivyo, kama mtu anayeuliza yule mwenye viatu vyeusi.

Nikasema hapana, yule mwingine. Nikakata. Yule mwingine! Sijui mwingine yupi. Nilitaka kuwe na mwingine.

Nimejifungia jikoni nikafungulia bomba ili nisisikike. Mama akagonga. "Wewe maji hayo unaoshea nini, chungu kizima cha harusi?" Nikafunga bomba. Akausogelea mlango, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mficha uchi hazai. Alipokuwa mdogo dada yake alivunja kioo cha kabati. Huyu akachapwa yeye. Nilikuja kujua dada yake alipoolewa, aliniambia akicheka. Mimi sikucheka. Mpaka leo sijui nilimchapa mtoto wangu kwa sababu gani." Akaondoka.

Safari hii unachapwa kwa kioo alichovunja nani?

Na ukurasa wetu una kosa gani hata ufe kama haukuwahi kuzaliwa? Kila nikiuliza swali hilo naona kitu kinakuja kutoka mbali, nageuza uso. Niambie mwenyewe kabla hakijafika. Nakuomba. Nakupigia magoti kwenye sakafu ya jikoni, na sakafu imelowa.

Chiriku

*

18 Agosti

Shemeji,

Hunijui ila kwa jina. Kazini naitwa Jirani wa Meza kwa sababu meza yangu na ya mumeo zimeshikana, na nadhani alikusimulia utani wangu zamani, kwamba nakula kwa kelele. Mama wa mapokezi ameniambia kuna mwanamke alipiga akaishiwa pumzi. Nikajua ni wewe. Mumeo amenikataza kukuandikia. Naandika hivyo hivyo.

Hatuhojiwi sote, shemeji. Anahojiwa yeye peke yake.

Aliyeingia aliingilia kwenye chumba kidogo kisicho na jina la mteja. Chumba hicho hakiko kwenye mkataba wowote. Kilifunguliwa na mumeo kwa mkono wake mwenyewe, wiki moja kabla ya harusi yenu, na kilipewa ruhusa ya kuendesha programu ndogo. Kamati inauliza: kwa nini programu? Anajibu: ili picha zizunguke. Wanacheka. Kwa ruhusa hiyo hiyo mgeni aliweka faili lake kwenye folda ya wote, kwa lile jina ambalo mkuu wa mashine hulitafuta. Wanamuuliza: neno la siri la chumba hicho alikuwa nalo nani? Anasema, "Mimi peke yangu." Kila siku jibu ni hilo. Sasa kama neno lilikuwa lake peke yake, basi mgeni ni yeye. Hata mtoto angefika hapo.

Tumemwona anavyokonda. Anakaa kwenye chumba cha wageni cha kampuni, mlangoni kuna mlinzi ambaye anamwonea haya, wanacheza karata. Mwisho wa mwezi kamati inafunga kazi na kumkabidhi kwa polisi.

Na liko jingine, na hili ni zito kwangu. Hatari ya ile folda mumeo aliisema. Aliisema kwenye kikao, sote tukiwepo, kwamba mkuu wa mashine asichukue maagizo mahali ambapo kila mpangaji anaweza kuandika. Apewe folda yake mwenyewe yenye kufuli. Mhandisi Mkuu akasema, "Inafanya kazi, usiiguse." Tukacheka kidogo, kama watu wanavyocheka bosi akisema. Leo Mhandisi Mkuu hakumbuki. Na sisi tuliokuwepo tumekuwa hatukumbuki pia. Mimi nina watoto, shemeji. Hiyo ndiyo sababu yangu na naona haya kuiandika.

Kama yuko mtu mwingine aliyekuwa na neno lile, na kama mtu huyo atasimama mbele ya kamati, kisa kizima kitageuka. Hapo itabidi waulize mgeni alipitaje kutoka chumba cha picha hadi kwenye funguo za mkuu, na jibu la hilo halimhusu mumeo. Mtu huyo akisimama, nami nitasimama. Peke yangu siwezi. Nimejaribu mbele ya kioo, nimeshindwa.

Jirani wa Meza

*

21 Agosti

Chiriku wangu,

Jirani amekiri kwamba amekuandikia. Nilitaka kumpiga, nikaishia kumwomba karatasi.

Sasa unajua. Basi nisikilize mimi, si yeye.

Usije. Usiandike kwa kamati. Chumba kile nilikifungua mimi bila kibali, nikijua si ruhusa. Nilitaka siku ya harusi uwe na kitu ambacho hakuna bibi harusi mwingine anacho. Nikakipa ruhusa ya programu kwa sababu ulisema picha zikisimama zinaonekana kama za marehemu. Kosa ni langu, nalibeba.

Barua yako ya kwanza niliichana kwa sababu ndani yake ulikuwa umeandika kila kitu, kwa mkono wako, kwa furaha. Walikuwa wanapekua chumba changu siku hiyo hiyo. Kabla ya kuichana niliisoma mara moja. Si kweli. Niliisoma mpaka nikaijua kwa moyo. "Mwanamume anayesema rangi zote ni sawa ni mwanamume anayelala akiwa amefumbua macho." Naisema usiku hapa. Ni kweli, silali.

Hujawahi kuona chumba kile cha mahojiano. Wanakaa upande mmoja, wote na chupa za maji, wewe unakaa upande wa pili bila chupa. Wanarudia swali moja mpaka maneno yako mwenyewe yananuka mdomoni. Mtu mmoja wao anatabasamu muda wote. Wewe ukiogopa huwa unaongea, mke wangu, unaongea bila kituo. Watayachukua maneno yako wayapange wanavyotaka. Watasema mke alifungua mlango, mume akaingia. Watatufunga wote wawili na mama atabaki na nani?

Mimi ukimya nimezaliwa nao, haunigharimu kitu. Niachie nifanye ninachokiweza.

Juzi mgonjwa mmoja wa pale kwenye benchi alifariki. Mlinzi aliniambia katikati ya karata, hakujua ananiambia nini. Hakuna anayejua kama ni kwa sababu ya data au wakati wake ulifika. Nimeuliza kama ni yule aliyelia. Hakujua.

Nakuomba, kaa nyumbani. Ukinipenda, kaa.

Mkimya

*

24 Agosti

Mume wangu, mume wangu, mume wangu,

Nimeliandika mara nyingi ili nipate ujasiri. Sikuupata, lakini tuendelee.

Barua yako ilinikuta njiani natoka dukani kwa Tabasamu. Nikusimulie, na usinikatize, maana kwa barua huwezi.

Nilikwenda nikamkuta anapiga picha za pasi za wanafunzi. Nikamwomba nikae kwenye ile kompyuta ya mbele. Nikafungua mlango wa ukurasa wetu, nikaandika herufi ya kwanza tu ya jina langu. Herufi moja. Kompyuta ikamalizia yenyewe: jina, na chini yake vile vidoa vyeusi vya neno la siri, vyote vimejipanga vinasubiri. Nilikuwa sijagusa kitu kingine. Nilifunika kwa kiganja siku ile, unakumbuka? Nilifunika macho ya watu nikasahau kwamba mashine nayo ina kumbukumbu.

Nikamuuliza Tabasamu, "Hii kompyuta anakaa nani?" Akasema, "Shemeji, anakaa anayesubiri picha." Wote! Wanafunzi, madereva, watu wanaotuma maombi ya kazi, mtu aliyekuja kujikinga na mvua. Meza ya koridoni nyingine, mume wangu. Nilipomweleza yaliyotokea, karanga zilimwanguka mkononi. Akasema, "Mimi?" Nikasema, "Mimi na wewe." Alikaa chini kwenye kile kiti cha kupigia picha, taa zinammulika, hana rangi. Nikamwambia nitakwenda mbele ya kamati. Nikajua atakataa, maana ana watoto wanne na duka. Aliinuka. Halafu akachomoa kompyuta ukutani, akaizungushia blanketi, akasema, "Basi nayo twende nayo, iseme yenyewe nani na nani wameikalia." Kwa hiyo nakuja na Tabasamu, ambaye hatabasamu tena, amepakata kompyuta yake kama mtoto mgonjwa.

Sasa juu ya maombi yako. Umesema ukinipenda, kaa. Nimelia juu ya sentensi hiyo mpaka wapangaji wakadhani umekufa. Mama aliniomba nimsomee. Nikamsomea yote, hata pale pa mgonjwa wa benchi. Alisikiliza, mikono ameikunja. Nilidhani atasema nikae, nimlindie mwanawe siri yake. Akasema, "Nilishamchapa mara moja kwa kosa la mwingine. Mara ya pili siiangalii." Akaenda kunipangia mkoba. Amenitilia sweta lako la zamani, anasema huko mawinguni kuna baridi.

Mume wangu, ukimya wako si wa bure kama unavyosema. Unamgharimu yule aliyekaa benchi. Ukisema neno lilikuwa lako peke yako, wakakufunga, wanafunga faili nalo, na mwangalizi ataendelea kupita mezani kila usiku akitii karatasi yoyote, kwenye mashine nyingine, juu ya wagonjwa wengine. Nani atawaambia? Jirani hawezi peke yake. Mhandisi Mkuu amesahau. Unanikinga mimi kwa mwili wako, na nyuma yangu mlango uko wazi.

Unasema nikiogopa naongea bila kituo. Ni kweli. Nitaongea bila kituo! Wakiniuliza swali moja mara kumi nitawajibu mara ishirini. Nitawaambia habari ya pazia, ya picha zinazozunguka, ya mama aliyesinzia mdomo wazi, ya neno la siri lilivyotungwa kwa majina yetu mawili kwa sababu sikujua mapenzi yanaweza kukisiwa. Na katikati ya kelele zangu wataisikia herufi moja, ile moja niliyoandika dukani. Wakitaka kunifunga wanifunge kwa nilichofanya. Nilikifanya. Naogopa sana. Mikono yangu inanuka jasho la woga na nimeinawa tangu asubuhi. Lakini nilipoolewa sikuahidi kukaa nyumbani ukichapwa.

Nimemwandikia Jirani wa Meza leo. Nimemwambia, "Shemeji, mtu uliyemsema anakuja. Acha kusimama mbele ya kioo."

Pazia sijalimaliza. Upindo mmoja umebaki na sindano nimeiacha imechomekwa humo humo, ili nyumba ijue tunarudi. Kama tutarudi wawili au mmoja, au lini, sijui. Kwa hiyo sifikiri hapo. Nafikiri basi, nafikiri mkoba, nafikiri sweta lako.

Mwambie mlinzi wenu aweke karata pembeni. Sitakuwa na kibali wala miadi, na neno la siri la mlango huo sina na silitaki. Wewe sikiliza tu kutokea ndani. Ukisikia chiriku anagombana na mtu getini, ujue nimefika, ufungue mwenyewe. Mwezi huu hautaisha kabla hujanisikia.

Mkeo,
Chiriku